Mwenye Mlango

Nitaanza na shukrani, maana mimi ni mtu wa hasira, na nikianza na kingine chochote nitaishia kutukana. Namshukuru Mungu kwa mlango wa chumba cha ndani cha dada yangu, ule uliokuwa na komeo bovu. Namshukuru Sanneng, ambaye tumegombana tangu utotoni na hadi leo hatujamaliza. Na namshukuru mtoto wetu Lebbi kwa kunikatalia mbele ya ukoo mzima, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Jina langu Dalle, kazi yangu uhunzi. Nilizaliwa msichana, na leo watoto wote wa ukoo wananiita mjomba, kwa sababu mimi ni calalai. Kwetu sisi Wabugis neno hilo halimfanyi mtu aangushe kikombe. Calalai ni aliyezaliwa na mwili wa kike akaishi maisha ya kiume: anavaa kama wanaume, anafanya kazi zao, anakaa upande wao kwenye karamu, na akichungulia jikoni wanawake wanamfukuza na mwiko. Mimi nimefukuzwa na miko ya kila aina.

Sanneng ni wa upande wa pili, calabai. Alizaliwa mvulana, akakua na mkono wa sindano na mdomo wa kuamrisha. Si mwanamke, wala mwenyewe hasemi kuwa ni mwanamke. Ni calabai, basi. Katika vijiji vyetu hakuna bibi harusi anayekubali kupambwa na mtu mwingine, na kwenye harusi Sanneng ndiye mkuu, anampangia hata imamu pa kuketi. Halafu, mbele kidogo ya kibanda changu cha uhunzi, anakaa Puang Sessu, ambaye ni bissu, na bissu ni jambo jingine kabisa. Huyo amebeba mwanamume na mwanamke pamoja ndani yake. Siku ya ibada utamwona na kisu kiunoni na ua kichwani kwa wakati mmoja, akibariki mbegu kabla jembe halijagusa shamba.

Ukijumlisha na wanaume na wanawake wa kawaida, tunafika watano. Wapo wanaonung'unika, hasa waliotoka kusoma mbali, na bibi yangu alikumbuka miaka ambayo mabissu walijificha wasiuawe. Lakini sisi tumekua tukijua tuko watano, na mimi niliamini kwa moyo wote kwamba hao watano wanaitosha dunia. Hapo ndipo nilipopotea njia.

Dada yangu Cabba ana watoto wawili. Mkubwa ni Uleng, ndiye aliyekuwa anaolewa. Mdogo ni Lebbi. Naye Lebbi alizaliwa msichana, lakini tangu ana meno ya utoto alikataa hereni, akakataa kusukwa, akashinda kibandani kwangu akivuta mvukuto mpaka uso ukawa kama sufuria ya kuni. Mimi sikujaliwa mtoto. Kila nikimtazama nilisema kimoyomoyo: huyu ni wangu, calalai mwenzangu, na nikizeeka atalishika tanuru. Sikuwahi kumuuliza. Nilijiona nina macho, sina haja ya kuuliza.

Alikwenda mjini Makassar kusoma. Aliporudi kwa ajili ya harusi alikuwa na nywele za kufika shingoni, shati jeupe la mikono mirefu, na begi moja. Cabba hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Akamtandazia mapajani bodo jekundu, lile vazi la wasichana wetu la kitambaa chepesi, alilomshonea kwa siri. Lebbi akaligusa kwa kidole.

"Ni zuri, Mama. Lakini sitaweza kulivaa."

"Harusi ya dada yako hutavaa? Utakuja na nini, gunia?"

"Mkinilazimisha nitarudi Makassar kabla ya harusi. Sitaki ugomvi, nitaondoka tu."

Uleng, aliyekuwa ndani akisuguliwa manjano na mchele wa kusagwa, alitokeza kichwa. Hawa wawili wamelala chandarua kimoja utoto wao wote. "Lebbi akiondoka, mimi sitoki chumbani," akasema. "Mtaozesha mto badala yangu." Na Uleng si mtu wa kutishia bure. Akisema hali, hali. Cabba akaanza kulia, mimi nikatoka nje nikicheka. Nilijua dawa ya jambo hili ninayo mimi.

Dawa yenyewe ilikuwa badik, kile kisu cha kiunoni ambacho kila mwanamume wa kwetu anapewa na wakubwa wake akishakuwa mtu mzima. Nilichagua chuma changu kizuri kuliko vyote. Nilinunua na kofia ya ukili yenye nyuzi za dhahabu, na koti jeusi la kufunga shingoni. Nilipanga kumpa Lebbi vyote siku ya hina, mkesha wa harusi, mbele ya watu.

Wakati naufua ule ubapa wa kisu, Lebbi alikuja akakaa kwenye gogo lake la zamani, akashika mvukuto bila kuambiwa. Hakujua nafua nini.

"Mjomba, Makassar nimepata marafiki," akasema. "Tunakutana kunywa kahawa. Kuna mmoja anasema yeye hana jinsia kabisa. Hajisikii mwanamume, hajisikii mwanamke, hata tone."

"Sasa anajisikia nini?"

"Njaa. Ni mwanafunzi."

Nikacheka, nikageuza chuma.

"Yupo mwingine anahamahama. Kuna siku anaamka yeye ni mwanamke, kuna siku anaamka mwanamume, na kuna siku hajui mpaka anywe kikombe cha pili."

"Huyo ni calabai ambaye hajaamua."

"Wapi, Mjomba! Calabai anajua ni calabai asubuhi na jioni. Hebu kamuulize Mama Sanneng kama hajaamua, uone utakavyorushiwa mkasi. Huyu ninayemsema ameshaamua. Kuhama ndiyo hali yake."

"Haya. Mwingine?"

"Mwingine ni vyote viwili kwa pamoja, kila siku."

"Bissu."

"Bissu ameitwa kutoka juu, ana kazi yake na watu wanamngoja shambani. Rafiki yangu hajaitwa na yeyote. Hata mama yake hampigii simu."

"Maneno mengi," nikasema. "Sisi tuna matano, yametufikisha hapa. Nyinyi wa mjini mnaongeza ya nini?"

"Si kuongeza, Mjomba. Hao watu wapo tayari. Neno linakuja nyuma, kama jina la mtoto. Na mimi sasa..."

Lakini chuma kilikuwa kimeiva, na chuma kikiiva hakina subira. Nikashusha nyundo. Nilipiga mpaka kikapoa, nikakirudisha motoni, nikakipiga tena. Nilipoinua kichwa Lebbi alikuwa amenyamaza, anatazama makaa. Sikumuuliza alitaka kumalizia nini.

Siku ya hina ilifika. Alasiri, nyumba ya Cabba, iliyoinuliwa juu ya nguzo kama nyumba zetu zote, ilikuwa imejaa hadi ngazi zinalia. Uleng aliketi katikati, mbele yake mto na juu ya mto saruni za hariri zilizokunjwa, na wakubwa wakapita mmoja mmoja kumpaka hina kwenye viganja na kumwombea. Nilipopita mimi nilimpaka nyingi mno, ikachuruzika, Sanneng akanipiga kofi mkononi. Ilipokwisha, ukafika wakati wa kuwapa vijana wa nyumba mavazi yao ya kesho.

Cabba akanyanyuka na lile bodo jekundu. Mimi nikanyanyuka na kisu, kofia na koti. Tukakutana katikati ya mkeka kama majogoo.

"Kaa chini, Dalle."

"Kaa wewe. Wazee wangu, ndugu zangu," nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, "leo ukoo huu unapata calalai wa pili. Huyu Lebbi ni wangu. Nampa badik niliyoifua kwa mkono wangu, na nikifa tanuru ni lake."

Watu wakapokea vizuri, nasema kweli. Wanaume wakagonga sakafu, mmoja akapaza sauti, "Karibu upande wetu, kijana!" Kwingine, nasikia, mtoto kama huyu angetimuliwa. Kwetu tuligombana nani amchukue.

"Nani kakwambia mwanangu ni calalai?" Cabba akafoka. "Umemzaa wewe?"

"Nimemlea kibandani!"

"Umemlea masizi!"

Alimshika Lebbi mkono wa kushoto, mimi nikamshika wa kulia. Lebbi alisimama katikati, anapepesuka. Kisha akaitoa mikono yake taratibu, wa mama yake kwanza, halafu wangu. Akapokea badik kwa mikono miwili, akaitoa alani, akaitazama.

"Ni nzuri sana, Mjomba. Asante," akasema. "Ila mimi si calalai."

Kutoka nyuma mtu akasema, "Basi ni bissu!"

"Msinitie kwenye mambo yenu," Puang Sessu akajibu kutoka pembeni, akitafuna tambuu. "Mimi nilipoitwa niliugua mpaka wakanichimbia kaburi. Mtoto huyu ana afya zake, anataka shati tu."

Watu wakaangua kicheko, lakini Lebbi hakucheka. Alikirudisha kisu alani, akakilaza mkekani mbele ya miguu yangu, akainama kwa heshima, akashuka ngazi. Chumbani Uleng alikuwa ameshajifungia. Tulisikia vitu vikiburutwa kuzuia mlango kwa ndani.

Mimi nilipandwa na jazba. Nikasema aende zake, aende na begi lake, aende na marafiki zake wa kahawa. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Nikakusanya kofia yangu, koti langu na kisu changu, nikaondoka nikipiga visigino mpaka kibandani, na nani nimkute kwenye gogo? Lebbi, na begi kati ya miguu. Gari la Makassar hupita mbele ya kibanda changu, alikuwa analingoja.

"Umeniaibisha," nikamwambia.

"Najua, Mjomba. Nisamehe."

Sikutarajia aombe radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya ugomvi. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia mahali palipo safi.

"Mjomba, wewe ulijuaje?" akauliza. "Ulipokuwa na umri wangu."

"Kwamba mimi ni calalai? Nilijua, basi. Mama alinivisha bodo, nikahisi linanikaba. Si shingo, humu ndani. Siku niliyovaa shati la marehemu baba nikapumua."

"Na mimi la Mama linanikaba."

"Ndiyo maana nikakuletea koti!"

"Koti lako nalo linanikaba, Mjomba. Hapohapo, humo ndani."

Niliacha kufagia. Huko nyuma nilidhani ananikataa mimi. Sasa nikamwona usoni, na huo uso niliujua, maana ndio nilioutazama kwenye kioo cha mama yangu miaka yote ile. Nilikuwa nimemfanyia mtoto wangu yale niliyofanyiwa, tena kwa mapenzi yaleyale, kwa kitambaa kizuri vilevile.

Nikakaa juu ya fuawe. "Sasa wewe ni nini, mwanangu?"

"Niko kati. Wala usidhani niko njiani kwenda upande wako nikakwama, Mjomba. Nimefika. Ndipo ninapokaa."

"Na hapo panaitwaje?"

"Makassar wana majina kadhaa, watu wanachagua linalowakaa. Jina halininyimi usingizi. Kinachoniumiza ni kesho. Wanaume watakaa mbele na bwana harusi, wanawake watakaa ndani na dada yangu. Mimi nikae wapi? Kwenye ngazi, nilinde viatu?"

Kweli nyumba zetu zimegawanyika hivyo, mbele na ndani, na hata mimi nina upande wangu. Mbali kidogo honi ya gari la Makassar ikalia. Lebbi akasimama, akavuta mkanda wa begi. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana wilaya nzima, sikuweza kutoa neno la kumzuia.

Aliyelitoa ni Sanneng. Alitokea akihema, saruni kaikusanya mkononi, pini zimejaa mdomoni.

"Wewe mhunzi!" Sauti yake ilikuwa imekauka, inakwaruza kama bata, kwa kuwakemea wapishi tangu maandalizi yaanze. Akatema pini. "Yule mwali wenu kasukumiza kabati mlangoni, na tulipolisukuma komeo likang'oka. Kesho vijana wa bwana harusi watausukuma ule mlango kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Nataka komeo. Na wewe mtoto, begi la nini? Unahamia?"

"Naondoka, Mama Sanneng."

"Unaondoka, na mlango nani ataushika?"

Lebbi akamwangalia asielewe. Mimi nilielewa.

Kwetu bwana harusi hafiki kwa mke wake hivihivi. Akishafunga ndoa huko mbele, huletwa hadi mlango wa ndani na msemaji wake, anaukuta umefungwa. Nyuma ya mlango kuna mtu. Mtu huyo ndiye anayejibizana na msemaji, anadai kifungua mlango, anawatania, anawachelewesha, na mpaka aridhike komeo halitoki. Harusi nzima huukumbuka mlango kuliko hata chakula. Na mlango, tangu ujana wetu, ulishikwa na Sanneng.

"Nisikilize nilivyo," Sanneng akasema. "Kesho nitasikika kama kinu kibovu. Nani ashike? Wanaume siwaamini, watafungua kwa sigara moja. Wanawake ndio kabisa, wana haraka ya kumwona bwana harusi kuliko mwenye mume. Mlango unataka mtu asiye wa mbele wala wa ndani. Nilidhani katika nyumba ile niko peke yangu." Akamtazama Lebbi kuanzia kandambili hadi nywele, kama anavyotazama kitambaa dukani. "Ulimi unao?"

"Ninao."

"Utavaa nini?"

"Shati hili. Na saruni ya hariri ya bibi, ile ya kijani."

Saruni ya hariri kwetu huvaa kila mtu, mwanamume na mwanamke. Sanneng akafikiri. "Shati lipigwe pasi. Mabega kama yamelaliwa na mbuzi."

Gari likasimama. Dereva akauliza nani anapanda. Lebbi alishika begi, akatazama gari, akamtazama Sanneng, kisha akanitazama mimi.

"Nenda zako!" Sanneng akamkwarua dereva kwa ile sauti ya bata. "Huyu ana kazi!"

Lebbi akaliweka begi chini. Nami nikaokota nyundo, nikawasha makaa, nikamwambia, "Mwanangu, unataka komeo la namna gani?"

Katika miaka yote niliyompenda, hilo lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza kuhusu anachotaka yeye.

"Zito," akasema. "Na liwe na sauti likifunguka."

Tulilifua pamoja, yeye kwenye mvukuto na mimi kwenye fuawe. Cabba alipokuja kutafuta ugomvi alitukuta hivyo. Sanneng alimvuta kando wakaongea kwa muda mrefu. Sikusikia walichosema, ila niliona dada yangu akifuta uso kwa ncha ya mtandio, na alipoondoka aliuliza tu saruni ya kijani ipo sanduku gani, maana itahitaji kuanikwa.

Kesho yake ndoa ilifungwa, imamu akaomba dua, tukaitikia. Bwana harusi, Baso, kijana mpole mwenye jasho jingi, akasimamishwa kuongozwa ndani. Msemaji wake alikuwa Mzee Sakka, baba yake mkubwa, mchuuzi wa nyati, mtu ambaye angekuuzia nyati wako mwenyewe ukamshukuru. Mimi nilikuwa nyuma yao na wanaume wengine. Mlango ulikuwa umeachwa upenyo wa kupitisha mkono. Nikaona kipande cha shati jeupe, na vidole juu ya komeo langu.

"Hodi!" Mzee Sakka akanguruma.

"Hodi ya nani?"

"Ya mume wa watu. Kafunga ndoa sasa hivi, miguu inamuuma, anaomba kukaa."

"Huko mbele kuna viti. Vingine nimevipanga mwenyewe."

Kicheko cha kwanza kikapita. Nikaanza kupumua.

"Kaleta saruni ya hariri," Sakka akasema.

"Pitisha." Saruni ikapita kwenye upenyo, tukasikia ananusa. "Inanuka nondo. Mlikuwa mmemwekea nani kabla yetu?"

Wanawake ndani wakapiga vigelegele. Sakka akapitisha peremende, akaambiwa bibi harusi ana meno, alete na laini, za shangazi zake wasio na meno. Akapitisha tambuu, akaulizwa kama ameitafuna tayari. Kila alichosema kilimrudia. Vijana wa upande wake mwenyewe walikuwa wanashikilia nguzo kwa kucheka, na nikaona shingo ya mzee inaanza kuiva kwa hasira. Mchuuzi hapendi kuchekwa na watu wake.

"Ngoja, ngoja kwanza," akasema. "Sauti hii siielewi. Huyu si Sanneng. Hapo mlangoni naongea na mwanamume au mwanamke? Nataka nijue, nibembeleze au nikunje ngumi."

Vicheko vikakatika. Kila mtu wa kijiji chetu alikuwa amesikia ya siku ya hina, na kila mtu alijua kwamba swali limeuliza zaidi ya alivyokusudia mwulizaji. Mimi nikapiga hatua, mdomo umejaa matusi tayari. Lakini Sanneng, sijui alitokea wapi, akanibana mkono kwa kucha zake zote. "Tulia," akaninong'oneza. "Si mlango wako."

Basi nikangoja. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa hapo. Nilijua likiharibika hapa, begi lile halitarudi tena.

"Mzee Sakka," sauti ya Lebbi ikaja, haina haraka. "Wanaume wako nyuma yako, wamejaa tele, chagua wa kukunjiana naye ngumi. Wanawake wako nyuma yangu, na wanakusikia. Hapa kati niko mimi, na komeo liko mkononi mwangu. Sasa utabembeleza, au utalala kizingitini?"

Nyumba ililipuka. Nasema sakafu ilitikisika juu ya nguzo zake na kuku chini wakatawanyika. Katikati ya vigelegele nikasikia sauti moja imezipita zote, ya dada yangu Cabba, inapasuka kwa kilio na kicheko: "Mtoto wangu huyo! Mpeni anachotaka! Mtoto wangu!"

Mzee Sakka alivua kofia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Sina kinyongo naye, alikuwa mshindani wa haki. "Nimeshindwa," akasema. "Nabembeleza. Mwenye mlango, sema unataka nini."

"Namtaka bwana harusi. Baso, unanisikia?"

"Nakusikia," Baso akajibu, sauti haisikiki vizuri.

"Dada yangu anahamia kwako. Nikija kumtembelea, nitakuja nilivyo, na nguo nilizovaa. Sema mbele ya wazee hawa kwamba mlango wenu nitaukuta wazi."

Baso alifuta jasho. "Utaukuta wazi," akasema, safari hii kwa nguvu. "Njoo siku yoyote. Ila mjomba wako asije na nyundo."

Komeo likatoka. Lilitoa mlio mzito, mzuri, niliutambua kama ninavyotambua kikohozi changu. Mlango ukafunguka, na Uleng, aliyepaswa kuinamisha macho mpaka mume amguse, aliyainua. Hakumtazama mume. Alimtazama Lebbi kwanza, na poda yote ya Sanneng ikachuruzika kwa machozi. Sanneng alitukana kwa sauti ya bata na kukimbilia brashi.

Badik nilimpa Baso. Ni mwanamume wa kawaida tu, maskini wa Mungu, lakini naye anahitaji kisu, na alikipokea vizuri. Kofia na koti nimevihifadhi. Akija mtoto atakayevitaka, safari hii nitauliza kwanza.

Chakula kilipopakuliwa, wanaume wakakaa mbele, wanawake ndani. Lebbi alikuwa bado kwenye kizingiti, amekaa chini, miguu ameinyoosha, amechoka. Sanneng akaweka sinia hapohapo mlangoni, burasa, wali wetu wa nazi wa kufungwa kwenye majani ya mgomba, na kuku wa kiungo cha galangali, akajikunja upande mmoja. Nami nikaacha nafasi yangu karibu na imamu, nikaenda nikakaa upande mwingine. Cabba akatoka ndani na bakuli la mchuzi, akatuangalia, akasema tumeziba njia, halafu naye akakaa. Watu walipita juu ya miguu yetu wakilalamika, na hakuna aliyesogea. Nilimshukuru Mungu na mdomo umejaa wali.

"Mjomba," Lebbi akasema, "siku ile kibandani nilikuwa nakusimulia kitu."

"Nakumbuka. Nilikukatiza."

"Ulikuwa na kazi."

"Chuma kimeshapoa," nikamwambia. "Malizia."

Akafuta vidole, akaanza tena pale alipoishia, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.